Cheti na Kihamba

Zikibaki wiki mbili mitihani ya muhula ianze, steshenari zilizo jirani na vyuo vya Moshi hujaa kuliko maktaba. Kinachouzwa ni madesa: muhtasari wa mihadhara, maswali ya miaka iliyopita, majibu yaliyoandikwa na mtu aliyehitimu zamani na ambaye huenda hata yeye alikosea. Sehemu nyingine ya biashara hiyo imehamia kwenye simu, ambako programu ya akili bandia humaliza insha nzima kabla chai haijapoa. Sisi tunaofundisha tunaitambua insha ya aina hiyo. Sarufi yake haina doa, lakini hakuna kijiji ndani yake, hakuna bei ya kitu chochote, hakuna mtu.

Tukikaa ofisini, lalamiko ni lile lile: zamani watu walisoma wakiwa na kiu ya kujua, vijana wa leo wanatafuta cheti tu. Nimefundisha chuo mjini hapa muda wa kutosha kujua kwamba wengi wanaolisema walishasemwa hivyo hivyo na walimu wao. Kwa hiyo nimekuwa nikilifuata lalamiko hili nyuma, kwenye vitabu na kwenye historia ya vilima vya Old Moshi, Marangu, Kilema na Kibosho, kuona lilianzia wapi. Kadiri ninavyolifuata ndivyo uvivu wa vijana unavyopungua ndani yake, na ndivyo ardhi inavyozidi kujitokeza.

Kabla ya ubao

Mwaka 1940 kilitoka kitabu kinachoitwa Chaga Childhood. Mwandishi wake, Otto Raum, alikuwa mtoto wa mmisionari wa Kilutheri, alizaliwa Moshi na baadaye akafundisha walimu wanafunzi Marangu, mahali ambapo misheni ya Leipzig ilikuwa na chuo cha ualimu tangu 1912. Wazungu wengi wa wakati ule waliamini kwamba mtoto wa Kiafrika alikua kama mgomba, bila kufundishwa na mtu, mpaka shule ilipokuja. Raum aliandika kitabu kizima kuwapinga. Alionyesha kwamba mtoto wa mlimani alikuwa darasani tangu anyonye: kwa nyimbo, kwa methali, kwa kazi iliyopimwa kulingana na nguvu zake, kwa adhabu, kwa hadithi za jioni. Alieleza pia michezo ya watoto walivyowaigiza wakubwa, na alivyoona kwamba kuigiza huko kulikuwa na kejeli nyingi. Watoto walikuwa wanawakosoa watu wazima kwa njia pekee waliyoruhusiwa.

Juu ya mafunzo hayo ya nyumbani kulikuwa na mafunzo rasmi ya kuingia utu uzima. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Kilimanjaro kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, aliyaandika kwa Kijerumani katika majuzuu matatu. Humo na katika maandishi ya wengine tunasoma habari za mregho, fimbo iliyochongwa alama. Kila alama ilikuwa somo. Mzee alipitisha kidole kutoka alama hadi alama akifundisha jinsi mtu anavyotungwa tumboni, anavyokua, anavyopaswa kuishi na mke, na wazazi, na majirani. Ilikuwa mtaala wa kushikwa mkononi.

Elimu hiyo haikuwa pepo, na sitaki kuipamba. Ilifundisha utii kwa mangi na kwa wazee kuliko ilivyofundisha kuuliza. Ilimpangia msichana maisha yake bila kumuuliza, na baadhi ya mafunzo yake yaliacha makovu mwilini. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo shule haijawahi kuwa nalo: haikuchuja. Hakukuwa na nafasi kumi zinazogombewa na watoto mia. Aliyefundishwa alitarajiwa kufika mwisho, na mwisho wa njia, kwa mtoto wa kiume, palikuwa na kihamba.

Kwa msomaji asiye wa huku, kihamba ni zaidi ya shamba. Ni kipande cha ardhi chenye nyumba, migomba na baadaye kahawa, kimezungukwa na uzio wa masale, kinanyweshwa kwa mfongo uliochimbwa na mababu, na humo ndimo mababu hao walimozikwa. Mtu bila kihamba alikuwa mgeni hata kwa ndugu zake.

Mtoto wa kati

Kihamba kilikuwa na kanuni zake za urithi. Mtoto wa kwanza wa kiume aliandaliwa sehemu yake. Wa mwisho alibaki na nyumba ya baba na kuwatunza wazazi. Wa kati alielekezwa kwenye pori, akafyeke na kuanza upya. Binti hakuhesabiwa, kwani alitarajiwa kula kwenye kihamba cha mumewe. Maadamu pori lilikuwepo, utaratibu huu ulikwenda bila kuvunja familia.

Shule zilifika wakati huo huo na utawala wa Wajerumani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliweka kituo Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi mlimani mwaka 1893. Kwa mangi, kumpokea mmisionari kulikuwa siasa pia, maana alipata jirani mwenye kalamu na mwenye sauti mbele ya Wazungu wengine. Kalamu hiyo haikuwaokoa wote. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Kwa wazazi wa kawaida shule ya miaka hiyo ilikuwa hasara ya mikono ya kazi: mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi sasa anakaa akiimba herufi. Ilibidi watoto wabembelezwe, na pengine mangi atoe amri.

Kilichogeuza mambo ni kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi aliyepitia shule ya misheni. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU. Kahawa ilihitaji mtu anayesoma mizani, anayekagua hesabu, anayeandika barua kwa bwana shauri akakataa jambo kwa hoja. Ghafla kusoma kulikuwa na faida inayoonekana kwa macho, na kahawa hiyo hiyo ilitoa fedha ya ada.

Lakini kahawa ni zao la kudumu. Ukishaipanda, ardhi haizunguki tena. Huko juu kulikuwa na msitu uliohifadhiwa, huku chini kulikuwa na mashamba ya walowezi, na katikati watu walizidi kuongezeka. Pori la mtoto wa kati likaisha. Hapo ndipo familia za mlimani zilipofanya uamuzi ambao haukuandikwa kwenye kikao chochote lakini ulifanyika karibu kila nyumba: asiyepata ardhi atapata shule. Cheti kikawa kihamba cha mtoto wa kati. Miaka ilivyokwenda kikawa pia kihamba cha binti, na kwake kilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu hakikuhitaji ridhaa ya kaka wala ya mume.

Tukilielewa hilo, lalamiko la ofisini linabadilika sura. Familia hizi zilipenda elimu, ndiyo. Ila tangu mwanzo zilipenda elimu kama watu wanavyopenda ardhi: kitu cha kumiliki, cha kumfanya mtoto asiwe mgeni duniani. Anayetafuta cheti leo anaendeleza uamuzi wa babu yake.

Jembe la shule

Walimu na watawala waliliona tatizo mapema, na mara tatu walijaribu kulitibu.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kushauri elimu ifanane na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijijini. Huku Kilimanjaro Gutmann alikuwa na hofu yake, kwamba shule itakata nyuzi za ukoo, ujirani na rika. Kusini, huko Malangali, Iringa, Mwingereza W. B. Mumford alianzisha mwaka 1928 shule iliyojaribu kujengwa juu ya mila za kabila. Nia zilikuwa tofauti, na baadhi zilikuwa njema. Wazazi waliokuwa wameshaona karani anavyolipwa waliuliza swali jepesi: kama Kiingereza na hesabu ndivyo vinavyompa mtu mshahara, kwa nini mtoto wangu afundishwe jembe ambalo nimeshamfundisha mwenyewe?

Mara ya pili ilitoka kwetu wenyewe. Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Naisoma na wanafunzi karibu kila mwaka, na kila mwaka inanishangaza ilivyo sahihi katika kutaja ugonjwa. Shule inaandaa wachache waendelee mbele na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Inamtenga mtoto na wazazi wake. Inamfanya aamini kwamba maarifa yamo vitabuni tu. Dawa aliyopendekeza ni elimu ya msingi iliyo kamili yenyewe, na shule iwe na shamba, izalishe, iishi kama sehemu ya kijiji.

Mwaka 1969 shule nyingi za madhehebu zikawekwa chini ya serikali. Azimio la Musoma la 1974 likaelekeza watoto wote waingie darasa la kwanza, na kufikia 1977 nchi ilikuwa imepiga hatua ambayo mataifa mengi yaliionea wivu. Lakini mlango wa sekondari ulibaki tundu la sindano: aliyepita alikuwa chini ya 1 kati ya 10. Nafasi zikagawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na wakoloni ipate haki yake. Ilikuwa sera ya haki, na Kilimanjaro, iliyorithi shule nyingi za misheni, ndiyo iliyobanwa.

Watu wa mlimani hawakuandamana. Walijenga. Wazazi, makanisa na jumuiya mbalimbali walichangishana, wakafungua sekondari zao zisizo za serikali, moja baada ya nyingine, kwa kasi iliyomfanya Joel Samoff, msomi wa Marekani aliyeutafiti mkoa huu kwa miaka, aone kwamba sera ya taifa ilikuwa inaandikwa upya kutoka chini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekondari zisizo za serikali nchini zilizidi zile za serikali. Na katika shule hizo, zilizojengwa kwa jasho la wakulima, somo ambalo hakuna mzazi aliyelichangia ni kilimo. Kwenye shule za serikali shamba lilikuwepo, lakini mara nyingi mtoto alipelekwa huko akichelewa au akikosa jibu. Jembe likawa kiboko kwa jina lingine.

Nchini Ghana mtafiti Philip Foster alikuwa ameshaona mambo kama hayo. Makala yake ya 1965 ilieleza kwamba wazazi wanaoikataa shule ya ufundi na kuichagua ya vitabu hawana kasumba. Wanasoma soko la ajira vizuri kuliko wapangaji wa serikali. Ukibadilisha mtaala bila kubadilisha anayelipwa ni nani, mtaala ndio utakaoshindwa.

Mara ya tatu ndiyo hii tuliyo nayo. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika 2024, imeleta mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Ninaitakia heri. Lakini historia ya mlima huu inatupa kipimo chake, nacho hakihitaji mtaalamu: tuangalie watoto wa waliouandika, na watoto wetu sisi walimu, wanaingia mkondo upi. Wakiwa wote kwenye wa jumla, mzazi wa Kirua ataelewa bila kuambiwa.

Urithi unapogawanywa

Kihamba kina udhaifu unaojulikana. Baba akigawia wana watatu, na kila mmoja akagawia watatu wake, mjukuu anabaki na migomba ya kuzunguka nyumba. Cheti nacho kimepita njia hiyo.

Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Dar es Salaam na wanafunzi 13, wote wa sheria. Mwenye shahada wakati ule alikuwa na kihamba kikubwa mno. Moshi ilipata Chuo cha Ushirika mwaka 1963, ambacho mwaka 2014 kilikuja kuwa chuo kikuu kamili. Sasa mjini hapa kuna pia chuo kikuu cha Mwenge na chuo cha udaktari cha KCMC, bila kuhesabu vyuo vya ualimu na vya kati. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, imewafungulia mlango watoto ambao kahawa isingewasomesha tena. Na kweli isingeweza: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na vilipokuwa vimerudi ukaja mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yakaporomoka pamoja na bei.

Upanuzi huu ni jambo jema, nami nisingependa kufundisha kwenye chuo cha watu 13. Lakini angalia kilichotokea Juni 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipoita usaili: watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70. Waliokaa kwenye viti vile walikuwa wamebeba vyeti kama babu zao walivyobeba madai ya ardhi.

Mwingereza Ronald Dore aliuita mwenendo huu ugonjwa wa vyeti, katika kitabu chake cha 1976. Hoja yake ni kwamba nchi zilizoanza safari ya viwanda kwa kuchelewa hutumia vyeti zaidi kuchagua watu wa kazi, na kadiri vyeti vinavyotumika kuchagua, ndivyo kufundisha kunavyogeuka kuwa maandalizi ya mtihani. Kazi ikitaka kidato cha nne na wenye kidato cha nne wakawa wengi, itataka cha sita, kisha shahada, ingawa kazi yenyewe haijabadilika.

Tuliuona ugonjwa huo waziwazi kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, na mwaka 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baadhi ya waliofeli wakafaulu. Hakuna aliyekuwa amejifunza neno jipya kati ya tangazo la kwanza na la pili, lakini maisha ya watu yalibadilika, kwa sababu kilichobadilika ndicho kilichokuwa na thamani.

Kazi mbili, mkono mmoja

Wasiwasi wangu kama mwalimu wa chuo uko hapo. Taasisi zetu zimepewa kazi mbili: kufundisha na kuchuja. Ya pili inaila ya kwanza. Darasa lenye wanafunzi 300 na mwalimu mmoja linahitaji mtihani unaosahihishika kwa wiki mbili, na mtihani unaosahihishika kwa wiki mbili huuliza yanayokaririka. Desa ni jibu sahihi kabisa kwa mtihani wa namna hiyo. Mwanafunzi akiuliza kama jambo fulani litatoka kwenye mtihani, anauliza kama mtu anayejua kwamba GPA yake itasomwa na watu ambao hawatamuona usoni.

Akili bandia haikuleta tatizo hili. Imelivua nguo tu. Kama kazi ya nyumbani inaweza kufanywa na mashine isiyojua Moshi iko upande gani wa mlima, basi kazi hiyo haikumhitaji mwanafunzi tangu zamani, hata alipoiandika kwa mkono wake.

Siwezi kuliondoa soko la ajira kwa kuandika insha, na sitawaambia vijana wapende maarifa kwa ajili ya maarifa huku ada imetoka kwenye ng'ombe wa mwisho wa mama. Ila kuna njia ambayo historia hii hii inaionyesha. Kizazi cha Merinyo kilisoma na kupata vyeo, lakini kilisoma pia ili mizani isidanganye. Kusoma kulikuwa na jirani anayekusubiri na gunia lake. Hata mregho ulikuwa hivyo: mzee aliyefundisha vibaya aliishi mtaa mmoja na matokeo ya kazi yake.

Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kupewa vitabu vya hesabu vya AMCOS moja, kwa ridhaa yao, kisha asimame mbele ya wanachama kuwaeleza, kwa Kiswahili wanachokielewa, fedha zao zimekwenda wapi. Anayesoma ualimu anaweza kuandika historia ya mfongo wa kijiji kimoja: nani waliuchimba, zamu za maji zilipangwaje, ulikauka lini na kwa nini. Kazi kama hizo hazina desa. Zinachosha kusimamia, haziwezekani kwa watu 300 bila walimu zaidi, na ndiyo maana mjadala wa ubora wa elimu ni mjadala wa bajeti kabla haujawa wa maadili.

Desemba ikifika, mabasi yatajaa kama kawaida, na waliosoma watapanda nyumbani. Watakuta nyumba nzuri za bati la rangi na vigae, nyingi zikiwa zimefungwa mwaka mzima, na mzee mmoja akiangalia tatu au nne. Cheti kiliwapa watoto wa kati pa kuishi, na kikawatoa mlimani wa kwanza na wa mwisho pia. Ukiwa mmoja wa watakaopanda, muulize mzee huyo mfongo unaopita hapo unaitwaje, na nani sasa anajua kuusafisha. Kama jina analo peke yake, liandike.